Choa: mwarobaini, saumu, mafuta ya mti wa chai au tyubu ya kemisti?

Jumamosi moja jioni, mezani kwetu mtaa wa Umoja, Nairobi, palikuwa na kitunguu saumu, ndimu tatu, fungu la majani ya mwarobaini ambalo shangazi alilibeba kutoka Kilifi kwa basi la usiku, chupa ya mafuta ya nazi, siki ya matufaha, kikopo cha malhamu ya kijani kilichonunuliwa ndani ya matatu, na tyubu moja ya kemisti. Vyote hivyo vilikuwa vya mtoto mmoja wa miaka minane, aliyekuwa na duara mkononi na kipara kidogo kisogoni.

Kila aliyeleta kitu alikileta kwa mapenzi. Shangazi alikuwa na hakika na mwarobaini kwa kuwa ulimponya yeye utotoni. Mama jirani aliapia saumu, maana iliwaponya wanawe wawili. Mimi sikuwa na hakika na chochote. Nilianza na kile, nikahamia hiki, na mwanangu akalipia kubahatisha kwangu. Tangu hapo nimesoma, nimeuliza wafamasia na daktari wa ngozi, na nimeziweka dawa hizi kando kwa kando. Ninayoandika hapa ni yale ambayo ningetaka mtu anikalishe chini aniambie jioni ile.

Tazama mahali kwanza, dawa baadaye

Choa si mnyoo wala mdudu. Liite choa, bato, au mashilingi kama wasemavyo watoto wa mtaani kwetu kwa kuwa duara lake lafanana na sarafu. Kinachofanya kazi pale ni fangasi. Fangasi hizi hula keratini, ile protini ngumu inayojenga tabaka la juu la ngozi, nywele na kucha. Huanza mahali pamoja, kisha husambaa kuelekea nje pande zote, ndiyo maana ukingo huwa umeinuka na una magamba huku katikati pakionekana kama panapona. Kwenye ngozi nyeusi ukingo huo mara nyingi si mwekundu kama kwenye picha nyingi. Huwa wa kahawia iliyokolea au wa kijivujivu, na watu wengi hawalitambui choa mapema kwa sababu hiyo.

Sasa, fangasi ileile ikikaa mkononi ni jambo jepesi. Tabaka inalokula ni jembamba, na chochote unachopaka kinaifikia. Ikikaa katikati ya vidole vya miguu au kwenye kinena, dawa bado inafika, lakini unyevunyevu unailisha upya kila siku. Ikiingia kichwani mambo hubadilika kabisa: huzama ndani ya unywele wenyewe, chini kwenye shina lake, ambako mafuta na malhamu hayafiki. Kwenye kucha vilevile, imejificha nyuma ya ukuta mgumu.

Ukilielewa hili, sehemu kubwa ya ubishi wa mezani kwetu inaisha. Shangazi alikuwa na choa la mguuni. Wana wa jirani walikuwa nalo shingoni. Mwanangu alikuwa nalo mahali pawili, na pale pa pili hapakuwa na jani duniani la kupafikia.

Saumu mbichi na ndimu

Naziweka hizi pamoja kwa sababu zinapatikana katika kila jikoni la Nairobi, na kwa sababu zote mbili zina nguvu ya kweli. Hatari yake inatoka kwenye nguvu hiyohiyo.

Saumu ikipondwa hutoa kemikali zinazoua fangasi. Watafiti wa Venezuela waliitenga mojawapo, iitwayo ajoeni, wakaitengeneza kuwa krimu ya asilimia 0.4 na kuwapaka watu 34 wenye fangasi ya miguu. Baada ya siku 7, 27 kati yao walikuwa wamepona na vipimo vyao vilikuwa safi. Waliobaki walipona baada ya siku 7 nyingine. Ni matokeo mazuri mno. Lakini soma tena: ajoeni, iliyotengwa, iliyopimwa, ndani ya krimu. Saumu uliyoiponda kwenye kinu nyumbani haina kipimo, na ndani yake mna vitu vingine vinavyochoma ngozi. Madaktari wa nchi nyingi wameandika visa vya watu, watoto wakiwemo, walioungua hadi kutoka malengelenge baada ya kufungiwa saumu mbichi kwa kitambaa usiku kucha. Na hivyo ndivyo jirani yangu alivyonielekeza: ponda, weka, funga, lala nayo. Mbaya zaidi ni desturi ya kukwaruza duara kwa wembe kwanza ili dawa ipenye. Hapo umefungua mlango kwa bakteria, na kama wembe umetumiwa na mwingine, umefungua mlango kwa mengi zaidi.

Ndimu ni kisa changu mwenyewe. Nilikata moja, nikamsugulia mwanangu mkononi asubuhi ya Jumapili, akaenda kucheza mpira uwanjani hadi saa nane. Jumanne mkono ulikuwa umevimba, una malengelenge yaliyofuata mikondo ya maji ya ndimu yalivyotiririka. Maji ya ndimu yana kemikali ambazo zikikutana na mwanga wa jua huunguza ngozi, na mchomo wake hauonekani papo hapo. Hujitokeza baada ya siku moja au mbili. Jua la Nairobi ni kali kuliko tunavyodhani, kwa sababu hali ya hewa ni ya baridi kidogo ilhali tuko karibu na ikweta na zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari. Choa lilibaki palepale. Kovu jeusi la ndimu lilikaa miezi minne.

Siki ya matufaha sitaiandikia mengi. Ni asidi, imechoma watu wengine pia, na sijaona ushahidi wa kutosha kwamba inaponya choa la binadamu.

Ukizilinganisha na tyubu ya bei nafuu kabisa kwenye kemisti, saumu mbichi na ndimu hushindwa pande zote mbili: hujui kipimo chake, na zinaweza kuacha jeraha kubwa kuliko ugonjwa wenyewe.

Mwarobaini, shubiri na manjano

Hizi ni za upole zaidi. Maji ya majani ya mwarobaini yamezuia fangasi za choa zisikue kwenye vyombo vya maabara, si mara moja. Tatizo ni umbali kati ya chombo cha maabara na ngozi ya mtoto. Maabara hutumia dondoo iliyokolezwa; sisi huchemsha majani kwenye sufuria, leo kiganja kimoja, kesho viwili, leo mabichi, kesho yaliyokauka. Niliosha mkono wa mwanangu kwa maji hayo siku kumi. Mwasho ulipungua, nalishukuru jani kwa hilo, na ngozi haikudhurika. Duara halikusinyaa.

Kwa hiyo nikiulizwa, nasema mwarobaini ni mwenzi mzuri wa kutuliza mwasho ukiwa umeshaanza dawa nyingine. Lakini usimnyweshe mtoto. Mafuta ya mbegu za mwarobaini yakinywewa yamewahi kuwatia watoto wadogo degedege na kuwadhuru ini na ubongo. Hili nalisema kwa mkazo kwa sababu kuna wanaoamini kwamba dawa ya kupaka ikinywewa pia hufanya kazi mara mbili.

Shubiri, ile alovera ya kwenye kopo barazani, ina utomvu mweupe mwororo ambao hupoza ngozi iliyokereka. Uuoshe kwanza ule utomvu wa njano unaotoka chini ya gamba, maana unawasha. Kwa kuua fangasi ni dhaifu. Ningeitumia juu ya mchomo wa ndimu kuliko juu ya choa.

Manjano nayo ina sifa nyingi maabara, lakini ina kasoro moja ya kila siku ambayo sijaona ikitajwa: inapaka rangi. Choa hufuatiliwa kwa kutazama ukingo wake, kama umesogea au umerudi nyuma. Ukishaipaka ngozi rangi ya njano, huoni tena mpaka uko wapi. Wiki mbili zinapita hujui kama unapona au unazidi.

Kuna mti mmoja ambao ningeutetea zaidi ya hii yote. Hupandwa kwenye bustani za pwani kwa uzuri wake, una maua ya njano yaliyosimama wima kama mishumaa, na wataalamu wa mimea huuita Senna alata. Majani yake yametumika dhidi ya choa Afrika Magharibi na Asia kwa vizazi. Kule Ufilipino wanauita akapulko, na wizara yao ya afya imeuweka kwenye orodha ya mimea kumi inayoipendekeza kwa matumizi ya dawa. Wanautengenezea sabuni na losheni. Lakini jamaa zake wa karibu ni wengi na wana maua ya njano pia, na kununua majani makavu yaliyosagwa kwenye mfuko usio na jina ni kuamini tu. Hapa Nairobi, KEMRI, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba, pale Mbagathi Road wana kituo kizima cha utafiti wa tiba asili, ishara kwamba miti yetu haidharauliwi na wanasayansi. Kinachokosekana ni kipimo, na bila kipimo hakuna anayeweza kukuambia upake kiasi gani na kwa siku ngapi.

Mafuta ya mti wa chai

Hapa ndipo ushahidi wa dawa za mimea unapokuwa mzito zaidi, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Kwanza tuondoe utata. Mti huu hauhusiani na chai ya Kericho wala ya Limuru. Ni Melaleuca alternifolia, mti wa pwani ya mashariki ya Australia, na mafuta yake hukamuliwa kwa mvuke kutoka kwenye majani. Mwaka 2002 watafiti wa huko walichapisha matokeo ya watu 158 wenye fangasi ya miguu. Waligawanywa makundi matatu: wengine wakapaka mafuta hayo yaliyozimuliwa hadi asilimia 50, wengine asilimia 25, na wengine kiowevu kisicho na mafuta hayo kabisa, mara mbili kwa siku kwa wiki nne. Katika kundi la asilimia 50, vipimo vya asilimia 64 ya watu vilirudi safi. Katika kundi la kiowevu kitupu, asilimia 31.

Tarakimu hizo mbili zinasema mambo mawili. La kwanza, mafuta yanafanya kazi, hayo si maneno ya mitaani. La pili, karibu thuluthi ya watu walisafishika bila dawa yoyote ya maana. Kwa hiyo mtu akikuambia kwamba alipaka kitu fulani na choa likaisha, anasema kweli, na huenda kitu hicho hakikuchangia lolote. Nadhani ndivyo ilivyokuwa kwa mwarobaini wa shangazi.

Watu wanne katika utafiti ule walipata ukurutu mkali wa ngozi kutokana na mafuta hayo. Hivyo usiyapake bila kuyazimua. Sehemu moja ya mafuta kwa sehemu tatu za mafuta mengine mepesi hukupa asilimia 25. Jaribu tone moja kwenye kiwiko, subiri siku nzima. Chupa iliyokaa wazi au juani huharibika, na mafuta yaliyoharibika ndiyo yanayoleta mzio zaidi. Yasifike machoni, yasinywewe hata kidogo, na mtoto mdogo usimpake.

Mume wangu ni fundi wa ujenzi, anavaa buti tangu alfajiri, na vidole vyake viwili vya mwisho vilikuwa vyeupe, vimepasuka na kunuka. Aliyachagua mafuta haya kwa hiari yake. Wiki tatu mwasho uliisha na ngozi ikafunga. Alipoacha, mvua za Aprili zikaja, buti zikalowa, na yakarudi yote. Mara ya pili alitumia tyubu ya terbinafini, dawa ya fangasi ya kemisti, kwa wiki moja, akanunua jozi nne za soksi za pamba, na akawa anaanika buti moja akivaa nyingine. Hayajarudi. Siwezi kukuambia ni tyubu au ni soksi, na kwa fangasi ya miguu naamini ni zote mbili.

Upande wa mfuko, chupa ndogo ya mafuta halisi katikati ya mji hugharimu zaidi ya tyubu ya kawaida ya klotrimazoli, dawa nyingine ya fangasi ya kemisti, mara nyingine kwa mbali. Tena soma lebo: kama haina jina la mti wenyewe, huenda umeuziwa harufu tu.

Asali na nazi, kwa ufupi

Mchanganyiko wa asali, mafuta ya zeituni na nta ya nyuki kwa viwango sawa ulijaribiwa kwa watu 37 katika Falme za Kiarabu, utafiti ukachapishwa mwaka 2004, na wengi walipata nafuu. Hakukuwa na kundi la kulinganisha nalo, na tumeshaona jinsi thuluthi ya watu inavyoweza kupona yenyewe. Ni salama kwa ngozi, lakini inanata, na asali nyingi zinazouzwa barabarani zina sukari iliyochemshwa ndani yake.

Mafuta ya nazi hulainisha magamba, na sioni ubaya kuyatumia kwenye choa. Ila kuna ugonjwa mwingine ambao watu huuchanganya na choa: mabaka mengi madogo meupe au ya kahawia kifuani, mgongoni na shingoni, yasiyo na ukingo ulioinuka. Hayo huletwa na aina ya hamira inayoishi kwa kula mafuta. Ukiyapaka nazi unaipelekea chakula.

Kikopo cha kijani

Kilinunuliwa kwenye matatu ya Jogoo Road kutoka kwa kijana mwenye sauti nzuri aliyesema kwamba ni mitishamba mitupu, na kwamba kinatibu choa, mba, chunusi, vidonda na maumivu ya mgongo. Usiku wa kwanza mwasho ulikufa. Siku ya nne wekundu ulikuwa umefifia, nami nikamshukuru Mungu. Wiki ya pili duara likafunguka ukingo, likatambaa hadi begani, halina umbo tena.

Daktari wa ngozi alipouona ule mkono, swali lake la kwanza lilikuwa nimepaka nini. Alishuku steroidi, yaani dawa inayozima mwasho na uvimbe kwa kuilaza kinga ya ngozi. Kinga ikilala, mgonjwa anajisikia vizuri huku fangasi ikila bila kuzuiwa. Choa la namna hii hupoteza sura yake hadi hata mhudumu wa afya anaweza kulikosea. Na si vikopo visivyo na jina pekee. Kuna tyubu zinazouzwa waziwazi zenye dawa tatu ndani ya moja, ya fangasi, ya bakteria na steroidi kali kama betamethasoni au klobetasoli, na watu huziomba kwa jina kwa sababu zinatuliza haraka. India, ambako tyubu za aina hiyo zilitumiwa ovyo kwa miaka, sasa wanapambana na fangasi sugu isiyosikia terbinafini, na imeshavuka mipaka kwenda nchi nyingine nyingi.

Kwa hiyo katika ulinganisho huu wote, hiki ndicho ninachokiogopa kuliko saumu na ndimu. Saumu ikichoma, unajua. Kikopo hiki kinakufariji wakati kinakuumiza. Malhamu isiyoandikwa kilichomo ndani, wala isiyo na usajili wa Bodi ya Famasia na Sumu, usimpake mtoto, hata kama imeandikwa mitishamba kwa herufi kubwa.

Tyubu ya kemisti

Kwa choa la ngozi tupu, dawa mbili zinatosha watu wengi. Klotrimazoli ya asilimia 1 hupakwa mara mbili kwa siku kwa wiki mbili hadi nne. Terbinafini ya asilimia 1 hupakwa mara moja au mbili kwa siku, na mara nyingi wiki moja au mbili zinatosha. Ya kwanza huwa ya bei nafuu zaidi, ya pili ni ya haraka zaidi. Osha, kausha kabisa, paka kupita ukingo kwa upana wa vidole viwili, na uendelee kama wiki moja baada ya duara kutoweka machoni. Wengi huacha siku mwasho unapoisha, kisha husema dawa ni feki.

Kuna ya tatu ambayo wazee wanaijua, malhamu ya Whitfield, yenye asidi ya benzoiki asilimia 6 na asidi ya salisiliki asilimia 3. Ilibuniwa na daktari Mwingereza Arthur Whitfield mwanzoni mwa karne ya 20, na kwa miaka mingi Shirika la Afya Duniani liliihesabu miongoni mwa dawa muhimu. Inawasha kidogo na si ya usoni wala ya kinena, lakini ni ya bei ya chini na inaponya.

Naitaja kwa sababu nyingine pia. Asidi ya salisiliki ilipata jina lake kutoka kwa mti, ule unaoitwa salix kwa Kilatini. Benzoiki imetokana na jina la utomvu wa mti ambao Waarabu waliuita lubani jawi, ubani wa Jawa. Neno ni lilelile tunalolitumia tunapofukiza nyumba. Na griseofulvini, kidonge nitakachokitaja hapa chini, ilitolewa mwaka 1939 kutoka kwa kuvu, ndugu ya ile inayoota juu ya mkate. Shangazi alinyamaza kitambo niliposoma hayo, kisha akasema, "Kumbe hata hizi ni za miti, mwanangu." Ndivyo. Tofauti iliyopo ni kwamba mtu ameshapima.

Kichwani

Hapa sina dawa mbili za kulinganisha. Choa la kichwani linatibiwa kwa vidonge au dawa ya maji ya kunywa inayoandikwa na daktari, basi.

Nilichelewa wiki tatu. Nilikuwa nikipaka mwarobaini kisogoni, kisha kile kikopo, kwa kuwa ndivyo nilivyofanya mkononi. Kipara kikapanuka, nywele zikakatika na kuacha vidoti vyeusi, kisha asubuhi moja nikagusa uvimbe laini kama embe lililoiva sana, unatoa usaha, na tezi za shingo zimevimba. Mwili ulikuwa umeamka kupigana na fangasi kwa nguvu zake zote. Hali hiyo ikiachwa huua mashina ya nywele, na pale hapaoti tena.

Daktari alikwaruza magamba kidogo, akayaweka kwenye kioo na tone la potasiamu haidroksidi, akayatazama kwa hadubini. Kipimo hiki ni chepesi, kinapatikana hospitali nyingi, na kinamaliza kubahatisha. Alimwandikia griseofulvini kwa wiki nane, ainywe pamoja na chakula chenye mafuta kwa sababu mwili huinyonya vyema hivyo. Tulimpa na maziwa ya uvuguvugu au nusu parachichi kila siku. Kuna watoto wanaopewa terbinafini badala yake, ikitegemea ni fangasi ya aina gani. Mama mjamzito hapewi griseofulvini. Tulipewa pia shampuu ya ketokonazoli ya kuoshea kichwa mara mbili kwa wiki. Shampuu hiyo peke yake haiponyi. Hupunguza mbegu za fangasi ili asiwaambukize wengine, na nyumba nzima tuliitumia.

Hili si tatizo la mtoto mmoja wa Umoja. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015 kuhusu watoto 150 wa shule kule Mathare uliwakuta walio wengi wana choa la kichwani. Watoto hawa wanabanana darasani, wanabadilishana kofia, wananyolewa kwa mashine moja. Wazazi wao wanapaka walichonacho, kama nilivyopaka mimi, na kila wiki inayopita kwa mafuta ni wiki ya kuambukizana.

Ningechagua vipi leo

Duara moja au mawili kwenye ngozi tupu ya mtu mzima mwenye afya: ningeanza na klotrimazoli. Kama moyo wako uko kwenye dawa ya mmea, mafuta ya mti wa chai yaliyozimuliwa ndiyo pekee ningeyapa nafasi, kwa wiki mbili zilizohesabiwa kwenye kalenda. Chora ukingo wa choa kwa kalamu ya wino siku ya kwanza, au upige picha kwa simu. Wiki mbili zikiisha na ukingo haujarudi nyuma, nenda kemisti.

Miguuni: terbinafini, na kukausha katikati ya vidole kana kwamba hiyo ndiyo dawa yenyewe. Viatu vya mitumba vya Gikomba vianikwe juani siku kadhaa kabla ya kuvaliwa, na visivaliwe bila soksi.

Mtoto mdogo, mjamzito, mwenye kisukari au anayeishi na virusi vya ukimwi, choa karibu na jicho, choa lililoenea sehemu nyingi, usaha au homa, kichwa na kucha: hospitali, bila kupitia jikoni. Na baka lolote ambalo ukiligusa kwa ncha ya sindano au pamba mgonjwa hasikii, liwahishe siku hiyohiyo, kwa sababu ukoma bado upo na unatibika kabisa ukigunduliwa mapema. Kwa upande mwingine, pumu ya ngozi nayo hutoa maduara yanayofanana sana na choa, na hapo tyubu ya fangasi haitasaidia kitu.

Chochote utakachochagua, taulo ya mgonjwa iwe yake peke yake, shuka zifuliwe kwa maji moto na zianikwe juani, na kama kuna paka mdogo nyumbani mwenye manyoya yaliyonyofoka, yeye pia apelekwe kwa daktari wa mifugo. Wetu alikuwa nayo. Tulikuwa tumemwokota wiki mbili kabla ya lile duara la kwanza, na mwanangu alikuwa akilala naye kisogoni.

Nywele zake zimerudi, isipokuwa mahali padogo ukubwa wa punje ya mahindi, ambapo daktari amesema hapataota. Kila mwisho wa mwezi akienda kwa kinyozi hubeba kitana chake na taulo yake kwenye mfuko wa karatasi, na husimama kwanza kutazama mashine ikifutwa kwa spiriti kabla hajakubali kukaa kwenye kiti.